Waya Kati ya Nyumba Mbili

Mama mkwe wangu alipopatwa na kiharusi, kitu cha kwanza tulichogombania mimi na mke wangu hakikuwa dawa wala daktari. Kilikuwa kengele.

Tulikuwa tukiishi Milimani, mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba ya serikali yenye ua mkubwa kuliko tulivyohitaji. Nilikuwa mkaguzi wa umeme. Nyuma ya nyumba, ukishapita tangi la maji na kamba za kuanikia nguo, palikuwa na kijumba cha chumba kimoja kilichojengwa zamani kwa ajili ya mtumishi. Humo ndimo tulimoweka kitanda cha mama yule. Mgeni wa mila zetu angetushangaa: nyumba kubwa ina vyumba vitupu, halafu mgonjwa analazwa uani! Lakini kwetu Wajaluo mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake, na mkwe haingii mahali mama mkwe alipolala. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, maneno machache, kila mtu anashika njia yake. Ni heshima, na heshima hiyo ina uzito.

Watu wa kanisani walisema hayo ni mambo ya kale. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa kuliko wao wote, na jibu lake lilikuwa fupi: Mungu anajua, lakini mkwe pia ana macho.

Kwa haki, angekuwa kwa mwanawe wa kiume. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwana wa kiume pekee, alikuwa Nairobi na mkewe, na boma lao la Pap Onditi lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Daktari alikuwa ametuonya. Upande wa kushoto wote ulikuwa umelala. Alitakiwa ageuzwe kitandani, anyooshwe mkono na mguu, apelekwe hospitali kila wiki, na zaidi ya yote asianguke. Akianguka tena, daktari alisema, msinilaumu. Basi kukaa kwake karibu na hospitali ndiko kulikokuwa uhai wake, na kukaa huko kulitegemea kitu kimoja: aweze kumwita mtu.

Kupiga kelele hakuweza. Sauti yake ilikuwa imebaki ya chini, ya kusemea karibu. Mimi nikasema, hilo ni langu. Mtu hawezi kukagua umeme wa ofisi za watu kutwa nzima, halafu nyumbani kwake mgonjwa akose kengele.

Nilinunua waya, swichi ya kuning'inia kitandani, betri kavu kubwa, na kengele ya shaba pana kama sahani ya chai, katika duka la Mhindi mmoja mjini. Nilipendelea betri kwa sababu stima ya Kisumu naijua. Wingu likikohoa tu, inapotea. Waya niliuvusha ua kwa nguzo mbili, nikaupitisha chini ya paa la jikoni hadi kwenye kibaraza cha ndani, ukutani, nje ya mlango wa chumba chetu. Kazi ya chumbani mwake niliingojea Jumapili. Alipokwisha kubebwa kwenda kanisani, ndipo nikaingia mbiombio kama mwizi, nikafunga swichi kando ya mto wake, nikatoka bila kutazama nguo zilizokuwa zimetundikwa. Nilipomaliza nilisimama uani nikautazama waya wangu ulivyonyooka, nikafurahi. Nilijiona nimekuwa mkwe wa maana.

Kengele haikulia.

Siku ya kwanza nilisema amelala vizuri. Siku ya pili nikapanda ngazi nikapapasa waya wote kutafuta mahali panya walipotafuna. Nilipima betri. Nilifungua kengele nikaipangusa. Kisha nikasimama kwenye kibaraza, nikamwomba mke wangu aende akabonyeze mwenyewe, nikapiga kelele, "Bonyeza!" Kengele ikalia hadi paka akakimbia. Hakukuwa na kasoro. Lakini kila asubuhi mke wangu alimkuta mama yake amelala kwenye shuka zilizolowa, midomo imekauka kwa kiu, na chupa ya maji iko mezani hatua moja kutoka mkono wake. Akimwuliza, anajibiwa kwamba hakutaka kusumbua watu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuusikia.

Jioni moja mke wangu alikuja akaketi mbele yangu na hakuwasha redio.

"Baba, nimejua sasa kwa nini Mama habonyezi."

"Swichi ni ngumu?"

"Si ngumu. Anasema hiyo kitu yako inalia kwa mlango ya mkwe. Anasema, sasa niamshe Jaduong' nimwambie nataka choo?"

Jaduong' ndivyo mama mkwe alivyoniita siku zote, neno la kumheshimu mtu mzima, ingawa nilikuwa na umri wa wanawe.

"Mwambie nitaziba masikio," nikasema.

"Masikio utaziba, sawa. Lakini kesho ukimsalimia, yeye atajua ulisikia. Yawa, wewe ungekuwa yeye ungebonyeza?"

Nilikasirika. Mimi nilikuwa nimefikiria urefu wa waya na nguvu ya betri. Sikuwa nimefikiria sikio langu. Nikasema nitaihamisha kengele niipeleke jikoni. Mke wangu akaniuliza, usiku analala jikoni nani? Nikasema basi yeye alale huko kijumbani. Akasema siku nyingine hulala huko, lakini mchana je, akiwa anafua, akiwa anapika, akiwa bafuni? Kengele ya ukutani inaita nyumba nzima. Mama yake alitaka kumwita mtu mmoja.

Hapo ndipo shemeji alipopiga simu kutoka Nairobi. Mke wangu alikuwa amemweleza yote, na yeye alikuwa amepata kwa rafiki yake aliyetoka Ulaya kengele ya rimoti, isiyo na waya. Mgonjwa anavaa kitufe shingoni, na mtu anayemtunza anatembea na kisanduku kidogo. Angeituma kwa basi la usiku.

Nasema kweli, niliudhika sana. Mwana wa kiume, ambaye mama yake amelala kwa watu, anatuma kengele! Angekuja yeye mwenyewe angetuma nini? Lakini huwezi kumwambia shemeji maneno hayo, basi nikamtukania kengele yake. Nilimweleza mke wangu kwamba vitu vya hewani si vya kutegemea. Kuta za kile kijumba ni za mawe na paa ni la bati. Betri zake ni ndogo, zitakufa bila kuaga. "Waya ukikatika," nikasema, "unaona ulipokatika. Hewa ikikatika utaiona wapi?"

"Waya yako haijakatika," akasema, "na bado haiiti mtu."

Kisanduku kilikuja, cheusi, kidogo kama redio ya mfukoni. Mke wangu alikifunga kwenye pindo la leso kiunoni. Kilipolia mara ya kwanza, sauti yake ilikuwa ya kifaranga aliyekanyagwa, na mimi niliyekuwa sebuleni nilikisikia kwa taabu. Hicho ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Mama mkwe alibonyeza siku hiyohiyo. Alibonyeza apewe maji, ageuzwe, afunguliwe dirisha. Ilipofika mwisho wa wiki alikuwa akibonyeza ili aulize nani amekufa kwao Nyakach na nani ameoa. Nilikuwa nikiwasikia wanacheka huko nyuma, mama na binti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aletwe.

Nilifurahi, na nilikuwa na wivu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja moyoni bila kugombana. Jirani yetu alikuwa na kengele ya lango ya namna ileile, na mara mbili tatu wageni wake walipobonyeza kwao, kisanduku chetu kikalia na mke wangu akatoka mbio, povu la sabuni mikononi. Nilisema "Umeona?" mpaka akanikataza kulisema neno hilo ndani ya nyumba.

Nikamwambia basi nitaing'oa ile ya waya, nisionekane mjinga na nguzo zangu mbili. Akaenda akamwuliza mama yake kama ile swichi ya kitandani inamsumbua. Akarudi na jibu.

"Anasema iache tu."

"Ya nini?"

"Sijui. Anasema Jaduong' alitoka jasho, iache."

Nikaiacha. Nilidhani ananihurumia.

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa anakwenda soko la Kibuye kununua omena, dagaa wa ziwani, na mboga za wiki nzima. Kwa kawaida, akitoka, mama mmoja mjane wa kanisani mwao alikuja kukaa na mgonjwa, na mimi nilitoka pia nikaenda klabu, kwa sababu haikufaa mkwe abaki peke yake katika boma na mama mkwe aliye kitandani. Siku ile mjane alikuwa ametuma neno kwamba yuko njiani. Mke wangu akamgeuza mama yake, akamwekea maji, akaondoka. Mimi nikabaki barazani mbele ya nyumba na gazeti, nikimngoja yule mjane afike ndipo niende zangu.

Mvua ikamtangulia. Anayeijua mvua ya Kisumu ya alasiri anajua kwamba haiji kidogo kidogo. Upepo ulipanda kutoka ziwani ukapindua ndoo na kamba za nguo, giza likaingia saa ya mchana, kisha bati likaanza kupigwa hata sikuweza kujisikia nikikohoa. Stima ikapotea. Radi zilikuwa zinapasuka upande wa bandarini. Nikajua mjane hatafika, na mke wangu amekwama sokoni chini ya turubali la mtu. Nikaingia ndani nikafunga madirisha.

Kengele ya waya ikalia.

Haikuwahi kulia yenyewe tangu siku niliyoijaribu, na wazo langu la kwanza lilikuwa wazo la fundi: maji yameshika waya. Mvua imelowesha kiungo cha nguzoni, nyaya mbili zimegusana. Nilikwenda pale ukutani nimeshakunja vidole tayari kuchomoa betri isije ikaisha. Mkono ukiwa juu yake, kengele ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza, ikalia, fupi, ndefu, ikanyamaza. Maji yakishika waya hulia moja kwa moja. Maji hayapumziki. Huyu alikuwa mtu, na alikuwa anachoka.

Ndipo nilipokumbuka kisanduku cheusi. Kilikuwa kiunoni mwa mke wangu kama kawaida, kimefungwa kwenye pindo la leso, huko Kibuye katikati ya mafungu ya omena. Ni kitu alichokizoea mwilini kiasi cha kukisahau. Mama yake alikuwa amekibonyeza kitufe cha shingoni, Mungu ndiye ajuaye kwa muda gani, na kilio chake kilikuwa kimeishia hewani.

Nilivuka ua kwa miguu mitupu. Mlangoni pa kijumba nikasimama. Nasema nilisimama, na mvua yote ile inaniangukia, kwa sababu miguu ilikataa. Ningekuwa na mwanamke yeyote karibu, hata mpita njia, ningemsukuma ndani. Nikapiga hodi kwa nguvu, nikabandika sikio mlangoni.

Hakuuliza ni nani. Ile sauti yake ya chini ilikuja kutoka mahali ambapo haikupaswa kutoka, chini sakafuni.

"Funga macho, uingie."

Nikafunga macho. Mtu mzima, mkaguzi wa serikali, nikaingia chumbani kwa kupapasa ukuta, nikapiga teke beseni, nikajigonga kwenye meza. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango na kunifika vifundoni. Nikasema, "Mama, uko wapi?" Hakujibu. Nikasema, "Mama, samahani, siwezi kukubeba bila kuona." Bado hakujibu. Watu husema macho hayana pazia. Siku ile nilitamani yangu yawe nalo. Nikayafungua.

Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, mguu mgonjwa umekunjika chini yake, nguo imepanda, na maji ya mvua yamemfika mbavuni. Swichi yangu ilikuwa imevutwa hadi sakafuni, waya umekaza. Kwa mkono wake mmoja mzima, ambao mpaka sekunde ile ulikuwa unabonyeza, alikuwa amevuta leso iliyokuwa kitandani. Hakujifunika nayo mwili. Alijifunika uso.

Nilimwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito na hapakuwa na uzito. Nikamlaza, nikamfunika blanketi hadi shingoni, nikaichana shuka kavu vipande viwili na kumfunga mguu kama nilivyofundishwa kazini. Muda wote huo leso haikutoka usoni. Nilimwambia nipo hapa nje. Nikatoka nikaketi kizingitini, mgongo nimemgeuzia, mlango wazi ili nisikie kama anapumua, mpaka mke wangu alipoingia langoni akiwa amelowa, na kile kisanduku kiunoni kinaanza kulia kwa sababu sasa kilikuwa kimefika karibu. Chini ya blanketi, mama yake alikuwa amerudi kukibonyeza kitufe cha shingoni.

Mguu haukuwa umevunjika. Daktari alitwambia tushukuru. Lakini tuliporudi kutoka hospitali mama mkwe alimwambia binti yake apige simu Nairobi, shemeji aje afungue nyumba ya Pap Onditi, anataka kwenda kwake. Hatukumsikiliza. Kisha akaacha kula.

Mke wangu alimbembeleza kwa siku nyingi. Alimwambia huko hakuna daktari, na barabara ikinyesha haipitiki. Mama akamjibu kwamba hana hasira na mtu yeyote.

"Jaduong' alifanya vizuri," alisema. "Lakini nyathina, mwanangu, kila asubuhi atasema habari ya asubuhi, Mama. Na mimi nitaitikia namna gani?"

Mimi nilikuwa tayari kwa lolote. Nilisema twende kwa wazee wafanye linalofanywa mtu akivuka mpaka kama ule. Nilisema nihamie mimi kwa rafiki yangu, nije tu mchana. Nilisema tukodi chumba karibu na hospitali. Kila neno nililosema, mke wangu alilipeleka nyuma ya nyumba na kurudi akitikisa kichwa. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Jioni moja alinigeukia akasema kwa ukali, "Nyinyi wawili mnaheshimiana mpaka mtaniulia mama." Kisha akalia. Alikuwa anasema ukweli.

Shemeji alikuja na gari, akamfikisha kwake, akarudi Nairobi. Kengele zote mbili zilibaki Milimani, kwa sababu Pap Onditi hakukuwa na mtu wa kuitwa ila mama mmoja mzee wa jirani, kiziwi wa sikio moja. Mke wangu alikwenda huko kila alipopata nafasi. Mahindi hayakuwa yamekauka shambani tulipokwenda kumzika.

Kwa miaka niliubeba mlango ule. Nilikuwa nimejiambia kwamba alikuwa anamwita binti yake, na mvua na soko vikamletea mimi kwa makosa. Nilijiona kama mtu aliyeitikia salamu isiyokuwa yake, na kwa kuitikia huko nikamfukuza mama wa watu mahali palipokuwa na dawa. Nilipokuwa nikilalamika hivyo jioni moja, tukiwa tayari tumehama Milimani, mke wangu aliweka chini kikombe chake.

"Baba, hukuwahi kuuliza, na mimi nilidhani unajua. Mama alinisikia nikifunga lango. Alijua nimeenda. Ile ya shingo alibonyeza mpaka akachoka, akajua niko mbali. Ile ingine alijua inalia wapi. Si ndiyo maana aliikataa?"

Nikamwuliza anasema nini.

"Nasema alikuita wewe," akasema. "Alilala kwa maji muda mrefu akifikiria kama atakuita ama atakufa. Aliniambia hivyo Pap Onditi. Alisema alichagua."

Kisha akachukua kikombe akamaliza chai yake, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la zamani. Mimi nilibaki pale mezani. Yule mama alijua kwamba akinibonyezea hataweza kukaa kwangu tena hata siku moja, na alijua kwamba akiondoka kwangu atakufa. Aliyajua yote mawili, akiwa sakafuni, na kidole chake kikaenda kwenye waya wangu.